Pengo Uani kwa Mwanamvita

Jumapili, 20 Oktoba 1957

Joto la Voi halina adabu. Kanisani leo tumeombea mvua mpaka migongo ikaloa jasho, na mhubiri aliomba kwa urefu hata mimi nikaanza kumwombea yeye anyamaze. Watoto wangu wako Wundanyi kwa mama yangu, wanasoma huko kwenye baridi. Stephen mume wangu anashinda relini na genge lake la mafundi. Kwa hiyo sina wa kumgombeza, na Stephen ameniambia basi niandike, huenda nikapunguza. Haya, naandika.

Jumatano, 23 Oktoba

Mwanamvita amepita na mahamri asubuhi kama kawaida yake. Huyu ni mke wa Mbaruk, fundi cherehani, na wanakaa kule chini karibu na mto pamoja na binti yao Zaitun. Watu wao walitoka Mombasa, lakini Zaitun kazaliwa hapahapa Voi.

Mlango wangu huwa wazi wote, nami nimesimama pale pale ananiona, lakini lazima apige hodi na nimjibu ndipo asogee kizingitini. Anaweka sinia, tunacheka kidogo, anaondoka. Hakai, hanywi chai. Nasema ni rafiki yangu, ila ni rafiki wa mlangoni. Wakati mwingine naona ana maringo.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua ya kuamsha vumbi tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua ya kweli. Nimepanda maharagwe na mgongo umekataa kunyooka. Stephen anasema tuta la reli linanywa maji kupita kiasi na hapendi.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Milima ya kwetu haionekani kabisa, wingu limeikalia. Stephen ameitwa na genge lote, reli imeliwa na maji upande wa Maungu. Ameondoka na koleo, blanketi na nusu ya mkate wangu.

Ijumaa, 15 Novemba

Maji yamechukua nyumba ya Mwanamvita. Nitaandika kwa mpango maana kichwa hakijatulia.

Hapa mjini leo hakukunyesha hata tone. Jua lilikuwa kali, nikawa nimeanika mahindi. Lakini milima ilikuwa nyeusi tangu juzi, na mtu wa Dabida, kule milimani kwetu, akiona hivyo anajua kuna kitu kinateremka. Watu wa kule chini nao wanajua, ila wanasahau, kwa sababu mwaka mzima mto wenyewe ni mchanga mtupu na mbuzi wanalala humo. Adhuhuri, wanaume Waislamu wakiwa msikitini, nikasikia ngurumo nikadhani ni treni ya mizigo. Kisha nikakumbuka kwamba reli imekatika na hakuna treni.

Nikashuka mbio bila viatu. Nilipofika nyuma ya maduka nikawaona Mwanamvita na Zaitun wamesimama kwenye tuta, wamelowa mpaka viunoni, wameshikana mikono. Zaitun amelikumbatia sinia la mahamri. Nyumba yao ilikuwa bado imesimama, maji ya rangi ya udongo mwekundu yakiizunguka, nikasema moyoni afadhali. Halafu ukuta wa upande wa mto ukalegea taratibu, ukaketi chini, na paa likaufuata. Mwanamvita hakulia. Alisema tu, "Unga wangu wa kesho ulikuwa mle ndani."

Mbaruk akaja anakimbia kutoka msikitini, kofia mkononi. Duka lake la kushonea liko juu barabarani, kwa hiyo cherehani imepona. Alipowaona mke na binti ni wazima alichuchumaa palepale.

Niliwaambia twendeni kwangu. Mwanamvita akasema, "Tutakuwa wengi, mama Jedidah. Tutakusumbua."

Nikamjibu kwamba kama anataka kuhesabu watu, ahesabu akiwa amevaa nguo kavu.

Mbaruk amekataa kulala hapa kwa kuwa Stephen hayupo. Atalala msikitini hadi arudi. Nimempa blanketi na nimempenda kwa hilo. Kwa chakula nimemchinja yule kuku wangu mweupe, mtagaji hodari, nikampika kwa nazi niliyokuwa nimeiweka ya Krismasi. Wamekula wali na mchicha. Kuku hawakumgusa. "Tumeshiba, mama, Mungu akuongeze," akasema Mwanamvita, huku Zaitun anamtazama kuku kwa macho ambayo hayakushiba hata kidogo. Nimeudhika sana. Kama mapishi yangu ni mabaya wangesema.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimembana Zaitun jikoni mpaka akasema. Hawali nyama asiyoichinja Mwislamu. "Mama alituambia tusikwambie," akasema, "utaona haya."

Nimeona haya kweli. Mtu amepotelewa na nyumba, ana njaa, na bado alifikiria haya yangu mimi. Nami nilikuwa nimelala nimenuna. Kuku nimempelekea Mumbe, jirani yangu Mkamba anayeuza kuni, naye hakuuliza swali lolote. Tangu leo mchinjaji wa nyumba hii ni Mbaruk. Na nimejiapiza kwamba sitawafanyia watu hawa jambo jingine lolote kabla sijafikiria desturi yao.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Mwanamvita amehamisha chumvi, chai na vijiko vyote jikoni. Anasema sasa vimekaa vizuri. Sioni kijiko hata kimoja.

Alhamisi, 21 Novemba

Wanaume wawili wa reli wamekuja kuniletea habari za Stephen. Ni mzima, yuko kwenye matope. Waliingia moja kwa moja kama walivyozoea, na Mwanamvita alikuwa katikati ya chumba kichwa wazi. Alijibanza nyuma ya mlango mpaka wakaondoka, na chai yao ilikuwa ndefu.

Walipotoka nimefunga shuka kutoka ukuta hadi ukuta, iwe pazia. Mwanamvita akanishika mkono. "Umejuaje?" akaniuliza. Nilijisikia mtu mwenye akili sana, nikaringa mpaka jioni.

Jumapili, 24 Novemba

Bado anapiga hodi kuingia jikoni. Leo nimemwambia, "Nyumba umo ndani yake, mama Zaitun, hodi ya nini?"

"Jiko ni lako," akasema. "Mtu huingia jiko la mwenziwe kwa hodi."

Nilidhani yale yalikuwa maringo. Sasa naona ni mwoga wa kuchosha watu. Usiku anazungumza usingizini na kuhesabu mahamri.

Ijumaa, 29 Novemba

Stephen amerudi na matope mpaka masikioni, akakuta cherehani juu ya meza yake ya chakula na Mbaruk anashona. Wakasalimiana kwa muda mrefu. Baada ya kula Mbaruk akampima kiuno bila kumwomba ruhusa na kumwambia hiyo suruali aivue, ni aibu kwa fundi kukaa nayo nyumba moja. Sasa Mbaruk analala chumba cha mbele na Stephen ana suruali mbili.

Mwanamvita ananitania kuhusu mafuriko. "Maji yenu haya," anasema, "mwayateremsha kutoka Dabida bila hata salamu." Namwambia tuliyatuma yaje kumsalimia, yakapitiliza. Tumecheka mpaka Stephen akauliza kuna nini.

Alhamisi, 5 Desemba

Treni zinapita tena, na ya kwanza kutoka Mombasa imemleta Miraj, ndugu yake Mwanamvita, na kikapu cha nazi na papa mkavu. Nyumba yote inanuka papa. Ni mtu mzuri, mnene, mpole, na simpendi, kwa sababu amekuja kuwachukua.

"Dada, yatosha sasa," alisema tukiwa tumekaa. "Bara hapa mwafanya nini, mwangoja maji yarudi? Kwangu pana chumba. Njooni mkae kwa watu wenu."

Mbaruk akasema yeye cherehani anaweza kuikanyaga popote, mkewe ndiye aamue. Mwanamvita akazungusha kikombe. "Nikipata pa kujenga hapa juu, pasipofika maji, nitakaa," akasema. "Nisipopata, nitakwenda nawe."

Miraj amesema atarudi baada ya Krismasi kusikia jibu. Mimi nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo karibu na maharagwe. Miaka hii yote Voi nina majirani wengi na wenzangu wa kanisani, lakini wa kucheka naye hivi sikuwa naye, na nimempata kwa sababu ya mafuriko.

Ijumaa, 6 Desemba

Asubuhi na mapema nimemvuta Stephen mpaka ofisi ya viwanja. Kiwanja kilicho nyuma ya jiko letu kiko tupu tangu tuhamie. Karani akasema waliobomokewa wameruhusiwa kujenga huku juu, mradi wajenge wenyewe. Nimeimba njia nzima ya kurudi na Stephen akajifanya hanijui.

Jumamosi, 7 Desemba

Mumbe amekuja na mwethya wake, wale wanawake wa Kikamba wanaofanyiana kazi kwa zamu. Kiwanja kimejaa miti, nyasi na kelele. Mwanamvita alianza kusema yeye si Mkamba na hawezi kulipa zamu yao shambani.

"Kwetu mtu nyumba yake ikianguka haulizwi kabila," Mumbe akamwambia. "Anaulizwa miti iko wapi. Kama hujui kulima, hiyo mahamri si unajua?"

Basi zamu yake atailipa kwa mahamri. Mbaruk amechinja mbuzi na tumekula wote bila mtu kumficha mwenziwe kitu.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua. Udongo haugandi.

Jumamosi, 14 Desemba

Ugomvi mtamu kiwanjani. Mwanamvita anataka baraza mbele, kisha vyumba, kisha ua nyuma uliozungushiwa, wanawake wafanye kazi zao humo bila kutazamwa. Mumbe haelewi baraza. "Hii ni ya nini? Mgeni akitaka kukaa si aingie ndani?" Mwanamvita akasema wa kukaa nje wana pao na wa kuingia ndani wana pao. Mumbe akasema watu wa pwani wana kazi, lakini amelijenga baraza, na ndiye wa kwanza kulikalia.

Ijumaa, 20 Desemba

Wamehamia kwao, ingawa ua bado. Nyumba yangu imekuwa kubwa na chumvi imerudi mahali pake, nami nimeitafuta kule alikoiweka yeye.

Jumapili, 22 Desemba

Jana nilishinda Mwatate kuwapokea watoto wanaokuja kwa Krismasi, tukarudi jioni. Leo baada ya kanisa nimekwenda kuona ua. Wanawake wa Mumbe wameuzungushia wote kwa miti ya mkonge, imesimama imeshikana vizuri, isipokuwa sehemu moja tu, na sehemu yenyewe inaelekea mlango wa jiko langu. Pamebaki pengo la kupita mtu, na miti iliyobaki imelala chini, rundo zima. Nadhani walichoka au giza liliwakuta. Mtu yeyote anayekuja jikoni kwangu, wale wa reli na wengine, angemwona Mwanamvita uani kwake akiwa kichwa wazi.

Wenyewe walikuwa wamekwenda kumwona mgonjwa. Nimemwita Jedidah anishikie miti na tumeliziba. Nimefunga kwa kamba mara mbili, hata kuku hapiti. Nilikumbuka lile pazia na furaha yake siku ile. Nangoja aje ashangae.

Jumatatu, 23 Desemba

Hajaja. Mahamri ameleta Zaitun, kwa mlango wa mbele, na amesimama kizingitini.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Watoto wamekula mpaka wakashindwa kutembea. Niliwaalika wa nyuma wote, Mbaruk akaja na Zaitun. Mwanamvita anaumwa kichwa, wamesema. Ametuma sahani ya halua. Mbaruk alikuwa mpole kupita kiasi, kama mtu aliye msibani. Mvua imenyesha kidogo na sikuijali.

Alhamisi, 26 Desemba

Nimempigia hodi mlango wa mbele. Alinikaribisha barazani, akaniletea chai kwenye kikombe cha wageni, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja. Nimekaa kama niliyekuja kuomba kazi. Sijui nimemkosea nini. Nimeanza kukasirika, maana ni rahisi kuliko kuhuzunika.

Jumamosi, 28 Desemba

Mkono unauma kwa panga lakini lazima niandike leo.

Asubuhi Mumbe aliniletea kuni na kuniuliza kama nitakwenda steshoni kuwasindikiza. Kumsindikiza nani, nikauliza. Miraj alikuja jana jioni, akasema Mumbe, na mizigo inafungwa.

Nikatoka na aproni yangu na unga mikononi. Nilizunguka mpaka mbele, nikapita baraza bila kubisha, nikamkuta Mwanamvita anafunga sufuria kwa leso. Miraj alikuwa na godoro begani.

"Unaondoka, mama Zaitun, na mimi nasikia kwa muuza kuni?"

Hakuinua uso. "Nalitaka kuja kukuaga."

"Kuniaga wapi? Mlangoni, na sinia?"

"Si ndiko ulikoniweka," akasema.

Nilimwambia sijamweka popote. Nilimwambia nimemjengea, nimemlilia kwenye maharagwe, nimelinusa papa la ndugu yake wiki nzima, na kama kuna kosa alitaje nilisikie. Miraj akatazama pembeni.

Ndipo akaniambia. "Nilikuachia pengo uani. Upande wa jiko lako. Kwetu, ua hauachwi wazi kwa jirani, huachwa kwa ndugu. Nyumba mbili zikiwa za watu wamoja, wanawake hupitiana kwa nyuma, hawazunguki njiani wala hawabishi hodi. Na jambo hilo halisemwi, mama. Waacha pengo, na mwenzio akipita, ndiyo jibu. Nikarudi kwa mgonjwa nikakuta umeliziba. Kwa mikono yako, na kamba mara mbili. Nikasema basi, nimejipendekeza. Mtu alinihifadhi kwa huruma, nami nikajifanya nduguye."

"Mimi nilidhani miti iliwaishia," nikasema.

"Miti ilikuwa rundo zima chini."

"Basi nilidhani walichoka! Nilidhani wale wa reli watakuona kichwa wazi. Nilikuwa nakusitiri, Mwanamvita. Nilifunga mara mbili kwa sababu ni wewe."

Akanitazama. Nilikuwa sijawahi kumwita kwa jina lake tupu. Zaitun, aliyekuwa nyuma ya mlango anasikiliza kila neno, akaanza kucheka huku amejiziba mdomo, kisha Miraj akaliweka godoro chini polepole.

Sikungoja zaidi. Nilikimbia kwangu, nikachukua panga la Stephen na kuanza kuikata ile miti ya mkonge. Mkonge haukatiki vizuri ukiwa umefungwa na mtu mwenye hasira ya usafi kama mimi. Stephen alitoka akauliza nimepatwa na nini, nikamwambia ashike upande ule. Upande wa pili Zaitun alikuwa anavuta. Mti wa mwisho ulipoanguka Mwanamvita alikuwa amesimama uani, leso mkononi, macho mekundu.

"Umeukata na ule uliokuwa sawa," akasema. "Sasa pengo limekuwa kubwa."

"Litanitosha mimi," nikasema, nikapita.

Tumelia wote wawili, na nimempaka unga mgongoni. Miraj ameondoka kwa treni ya jioni peke yake, na kikapu cha ndizi za Wundanyi. Alisema alikuja kuwapa chumba kwa sababu ya maji, sasa anaondoka kwa sababu ya mkonge, na huko Mombasa hatajua aeleze nini. Nampenda sana Miraj.

Jumanne, 31 Desemba

Mvua kidogo. Godoro lilisahauliwa barazani, likalowa.

Jumapili, 5 Januari 1958

Anga safi. Milima yetu imeonekana yote leo, mpaka mashamba ya juu, na mto kule chini umeanza kurudi kuwa mchanga. Watoto wanapanda Wundanyi kesho. Maharagwe yamekubali.

Asubuhi nilikuwa nimeinama nachochea moto. Nikasikia nyayo nyuma yangu, mkono ukapita juu ya bega langu, ukachukua chumvi kule kule alikokuwa ameihamishia yeye, kwa kuwa nimeirudisha huko. "Chai yako yafurika," akasema Mwanamvita, na alishafika nusu ya njia ya kwake nilipogeuka.

Sikumwambia karibu. Hakuwa amepiga hodi.